Fungueni kabati, watoto wapewe majibu ya hesabu

Ndugu zetu vijana, dada na kaka, na ninyi wahudumu wa mashirika mnaosoma kurasa zetu, leo tunakuja na neno ambalo wengine watalisikia vibaya. Tunasema hivi: watoto wetu wa P6, P7, S1 na S2 hapa Nakivale hawashindwi hesabu kwa sababu ni wavivu, wala kwa sababu hawana tableti. Wanashindwa kwa sababu wakikaa peke yao kufanya mazoezi, hakuna kitu kinachowaambia kama wamepata au wamekosa. Na hicho kitu kipo. Kiko ndani ya kabati, na kabati limefungwa kwa kufuli.

Tunazungumzia vitabu vya mwalimu. Tunazungumzia zile karatasi za majibu zinazokuja pamoja na mitihani ya zamani. Sisi vijana wa kujitolea tunaingia katika vituo vya masomo, tunaona vitabu vya mazoezi vimegawiwa, kimoja kwa watoto wanne au sita. Vizuri. Lakini kurasa za majibu zimekatwa kwa wembe, au kitabu chenye majibu kiko ofisini. Ukiuliza, unaambiwa: "Mkiwapa majibu, watakopi." Basi. Mjadala umekwisha.

Sisi tunasema mjadala haujaisha. Tuufungue leo.

Kwanza tupige hesabu yenyewe

Tuchukue darasa la watoto 120. Anayeishi kambini anajua kwamba huo si mfano wa kutisha watu, ni Jumatatu ya kawaida. Mwalimu anatoa maswali 10. Hayo ni majibu 1,200. Tuseme mwalimu ana mkono mwepesi sana, anatumia sekunde 5 tu kwa kila jibu. Ni sekunde 6,000. Gawa kwa 60, unapata dakika 100. Dakika 100 za kuweka vema na kosa tu, bila kumweleza mtoto yeyote alipopotea. Kipindi chenyewe ni dakika 40.

Sasa niambieni, huyo mwalimu atasahihisha lini? Hatumlaumu. Angekuwa malaika asingeweza. Kinachotokea ni kwamba anasahihisha daftari za mstari wa mbele, au anaandika majibu ubaoni haraka dakika tatu za mwisho, na wale wa nyuma hawaoni vizuri. Halafu anasema, "Nendeni mkafanye mazoezi nyumbani."

Mtoto anaenda nyumbani. Anafanya maswali 20. Mama yake hajui Kiingereza, baba yuko shambani kwa watu au hayupo kabisa. Mtoto anafunga daftari. Je, amejifunza? Hakuna anayejua. Yeye mwenyewe hajui. Hilo ndilo jambo la kuumiza: mtoto ametumia mwanga wa mwisho wa siku, ametumia karatasi ambayo ni mali, na hajui kama kazi yake ni dhahabu au ni takataka.

Zoezi bila jibu ni kuzoea kosa

Watu husema mazoezi hufanya mtu kuwa hodari. Si kweli yote. Mazoezi hukaza kile unachofanya. Ukifanya sawasawa, usawa unakaa. Ukifanya kosa mara 20, kosa ndilo linalokaa, na kuliondoa baadaye ni kazi kuliko kufundisha mtoto ambaye hajui kitu.

Mfano tunaouona kila wiki. Mtoto anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha juu na juu, chini na chini. Kwa macho yake ni safi kabisa. Anafanya maswali 15 ya namna hiyo, yote kwa njia hiyohiyo, anafurahi kwamba amemaliza. Kama angekuwa na jibu moja tu la kuangalia, 5/6, angesimama kwenye swali la kwanza na kujiuliza, "Kuna nini hapa?" Swali hilo moja lingemfundisha kuliko yale 15.

Halafu inakuja siku ya mtihani. PLE ya hesabu ina maswali 32, alama 100, saa mbili na nusu, na kazi yote lazima ionyeshwe kwenye karatasi. Pale ndipo mtoto anapojua kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa anapotea. Mwisho wa mwaka, mwisho wa shule ya msingi! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mtoto hakuficha maradhi yake. Sisi wakubwa ndio tulimficha kipimo.

"Watakopi"

Haya, tuijibu hoja kubwa. Eti mtoto akipewa majibu atakopi.

Ndiyo, wapo watakaokopi. Tusidanganyane. Lakini mtoto anakopi kwa nani? Kwa mwalimu, ili apate vema nyekundu na asichapwe wala kuchekwa. Mtoto anayefanya mazoezi peke yake jioni, bila alama, bila mtu wa kumwangalia, anamdanganya nani? Kukopi kunazaliwa na alama, hakuzaliwi na majibu. Ukiondoa alama kwenye mazoezi, sababu ya kukopi imeondoka.

Tena, jibu peke yake halitoshi hata katika mtihani, maana njia lazima ionekane. Mtoto aliyenakili 5/6 bila hatua hana kitu. Kwa hiyo mwombeni aonyeshe hatua, na jibu mpeni. Jibu liwe kama taa ya upande wa pili wa mto: unaiona, lakini kuvuka lazima uvuke mwenyewe.

Na tuongeze jambo ambalo wengine wenu mlisoma chuoni mkasahau. Mwaka 1985, huko Australia, watafiti wawili, John Sweller na Graham Cooper, waliwalinganisha wanafunzi wa aljebra. Kundi moja lilipewa maswali tu likatatue. Kundi lingine lilipewa swali moja lililokwisha kutatuliwa hatua kwa hatua, kisha swali linalofanana nalo la kujaribu wenyewe, tena hivyo hivyo. Wale waliosoma mifano iliyotatuliwa walitumia muda mfupi zaidi, na walipopewa maswali ya aina ileile walifanya makosa machache. Umeona? Kumwonyesha mtoto jibu pamoja na hatua zake hakukumfanya mjinga. Kulimwokolea muda. Na watoto wetu, kati ya foleni ya maji na kuni na kulea wadogo zao, kitu wanachokosa kuliko vyote ni muda.

Tableti ina siri moja, tuiibe

Hatuna vita na tableti. Tunajua programu kama Kolibri ya Learning Equality inafanya kazi bila intaneti, ina mazoezi ya hesabu kutoka Khan Academy, na mtoto akiipata anafurahi. Lakini tuulize: kitu gani ndani ya tableti kinamfanya mtoto asonge mbele? Si mwanga wa skrini. Si katuni. Ni hiki: akiweka jibu, sekunde hiyohiyo anaambiwa sawa au si sawa, na akitaka anaonyeshwa hatua.

Siri ni hiyo tu. Na siri hiyo inaweza kukaa kwenye karatasi. Karatasi moja, pande mbili, herufi ndogo, inabeba majibu 200. Haihitaji sola. Haivunjiki mtoto akianguka nayo. Haifungwi ofisini saa kumi jioni kwa kuogopa wezi. Mradi ukiisha na mfadhili akaondoka, karatasi inabaki. Kwa nini basi tunaomba bajeti ya tableti 30 kwa watoto wasiohesabika, na hatuombi rimu ya karatasi? Tunajua sababu. Tableti inapendeza kwenye picha ya ripoti. Karatasi ya majibu haipigwi picha na mtu.

Mtoto aliyetoka Kongo ana mzigo wa ziada

Hapa wahudumu wengi hawaoni, kwa hiyo tuseme taratibu. Wengi wetu tulianza shule kwa Kifaransa, huko Kongo au Burundi. Tukifika Uganda tunarudishwa madarasa ya chini kwa sababu ya Kiingereza. Kijana wa miaka 15 anakaa na watoto wa miaka 10. Wanatuambia, "Angalau hesabu ni lugha ya dunia yote." Si kweli kabisa.

Kule tulifundishwa kuandika mbili na nusu kama 2,5. Hapa ni 2.5, na koma inatenga maelfu. Mtoto wetu akiona 3,250 anaweza kusoma tatu na robo, wakati mwalimu anasema elfu tatu mia mbili hamsini. Kugawanya pia: kule tunaweka kigawanyo upande wa kulia, na jibu linaandikwa chini yake. Hapa kigawanyo kiko kushoto na jibu linapanda juu ya mstari. Mtoto anafanya sawa, mwalimu wa Uganda anaangalia anaona fujo, anaweka kosa. Hata namba kubwa zina mtego: kile tulichokiita miliari kwa Kifaransa, hapa ni bilioni, na bilioni ya Kifaransa ni kubwa mara elfu moja kuliko hiyo.

Sasa mtoto huyu, akiwa na karatasi ya majibu mkononi, mambo haya anayagundua mwenyewe katika wiki moja. Anaona jibu lake ni 2,5 na la kitabu ni 2.5, anaelewa kumbe ni nukta tu. Bila karatasi anaona kosa jekundu na anaamini kwamba yeye ni mjinga. Tumeona vijana wameacha shule kwa kosa la koma. Tunasema kwa uchungu: koma!

Na kuna jambo zuri upande wa pili. Wazazi wetu waliosoma Kongo wana mali ambayo hakuna aliyewauliza. Muulize mama au baba aliyemaliza shule ya msingi kule kuhusu "preuve par neuf". Macho yatafunguka. Ni njia ya kupima kama umezidisha sawasawa, na haina Kiingereza hata neno moja.

Njia za mtoto kujipima mwenyewe

Mpaka kabati lifunguliwe, na hata baada ya kufunguliwa, mtoto anaweza kufundishwa kujisahihisha. Hizi ndizo tunazofundisha. Mhudumu, zichape. Kijana, mfundishe mdogo wako leo jioni.

1. Kukadiria kabla ya kufanya. Swali ni 6.2 × 4.9. Kabla ya kushika kalamu sema: ni karibu na 6 × 5, yaani 30. Ukipata 30.38 uko sawa. Ukipata 303.8 au 3.038, nukta imekimbia, irudishe.

2. Kuuliza kama jibu linaingia akilini. Turudi kwenye 1/2 + 1/3 = 2/5. Nusu ni kubwa kuliko 2/5, si ndiyo? Sasa umechukua nusu, ukaongeza kitu juu yake, ikapungua? Haiwezekani. Mtoto wa P6 akielewa hivyo, kosa hilo halirudi tena.

3. Kurudi nyuma. Ukitoa, hakiki kwa kujumlisha. Ukigawanya, hakiki kwa kuzidisha, kisha ongeza baki. Kama 157 ÷ 6 imekupa 26 baki 1, basi 6 × 26 ni 156, ongeza 1, ni 157. Umefika nyumbani.

4. Kurudisha namba mahali pake. Hii ni ya S1 na S2. Swali: 5 − 2x = 11. Mtoto anasema x ni 3. Weka 3: 5 − 6 ni −1, si 11. Jaribu −3: 5 + 6 ni 11. Imekubali. Katika milinganyo, swali lenyewe limebeba jibu lake. Hakuna sababu ya mtoto kumngoja mwalimu hapa, hata siku moja.

5. Jaribio la tisa, ile ya wazazi. Umezidisha 247 × 38 ukapata 9,386. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, na ukipata 9 ihesabu kama 0. 2+4+7 ni 13, yaani 4. 3+8 ni 11, yaani 2. Zidisha 4 × 2, ni 8. Sasa jibu: 9+3+8+6 ni 26, yaani 8. Zimelingana. Kama ungeandika 9,286 ungepata 7, ungejua kuna kosa. Lakini mwambieni mtoto ukweli: jaribio hili halioni tarakimu zikibadilishana nafasi. 9,836 nayo inatoa 8. Kwa hiyo likikubali, usishangilie sana. Gawanya jibu kwa 38 uone kama unarudi 247.

6. Kupima maneno kwa mfano wa soko. Bei ya shati ni shilingi 20,000. Imepanda kwa asilimia 10, halafu imeshuka kwa asilimia 10. Wengi watasema imerudi 20,000. Fanya hatua kwa hatua: imepanda kuwa 22,000. Asilimia 10 ya 22,000 ni 2,200. Inabaki 19,800. Mfanyabiashara wa nguo pale Base Camp anajua hili bila kwenda shule. Mtoto akilipata kwa namba za shilingi, atalipata hata kwa namba za kitabu.

Namna ya kupanga mazoezi

Sasa daftari, au kaye kama wengi wetu tunavyoiita. Kunja ukurasa mara tatu. Sehemu ya kwanza, kazi na hatua. Sehemu ya pili, jibu. Sehemu ya tatu, kipimo: ulihakiki vipi? Sehemu ya tatu ikiwa tupu, swali halijaisha, hata kama jibu ni sahihi.

Nyuma ya daftari weka kurasa nne za makosa. Kila swali ulilokosa linaandikwa huko upya, bila jibu. Kesho yake, kabla ya maswali mapya, unalijaribu tena bila kuangalia. Ukipata, weka nukta. Likipata nukta tatu kwa siku tatu tofauti, lifute. Hapo ndipo mtu anajua kwamba kitu kimeingia kichwani, si kwenye macho tu.

Na msifanye maswali 20 ya aina moja kwa siku. Fanya 10: manne ya somo la sasa, matatu ya wiki iliyopita, matatu ya zamani zaidi. Hili si wazo letu tu. Mwaka 2020, Doug Rohrer na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la madarasa 54 ya mwaka wa saba huko Florida, Marekani. Madarasa mengine yalifanya mazoezi ya aina moja kwa mkupuo, mengine yalifanya maswali yaliyochanganywa. Baada ya mwezi mmoja waliletewa mtihani bila kuambiwa mapema. Waliochanganya walipata wastani wa asilimia 61. Wale wengine, asilimia 38. Maswali yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mpangilio. Kuchanganya maswali hakugharimu hata shilingi moja.

Mtoto akizoea, mgeuzie mchezo. Mpe jibu, atafute swali. "Jibu ni 24. Tengeneza maswali matano, moja liwe na sehemu, moja liwe na asilimia, moja liwe na x." Au mpe kiwanja cha mita 30 kwa 30, mita za mraba 900, umuulize: kila upande ukiongezwa mara mbili, eneo litaongezeka mara ngapi? Atasema mara mbili. Mwache apime mwenyewe, 60 kwa 60, apate 3,600. Hatasahau.

Hili ni jambo la wasichana pia

Mtatuambia, "Si tuna masomo ya ziada jioni? Waje." Nani anakuja jioni? Tuangalieni viti. Wanaokuja ni wavulana, na wale wanaokaa karibu. Msichana wa P7 saa hiyo yuko kwenye maji, au anapika, au mama yake amekataa asitembee gizani, na mama ana haki. Wanaokaa mbali, kule Juru au Rubondo, hawatatembea kilomita zote hizo kwa saa moja ya hesabu. Na tuisheni ya kulipia ni ya wenye pesa.

Kwa hiyo tunapopigania mtoto aweze kufanya mazoezi peke yake, tunampigania hasa yule asiyeweza kufika kwetu. Dakika 20 kando ya moto wakati maharage yanachemka, akiwa na maswali 10 na njia ya kujipima. Huyo msichana hana mwalimu wa jioni, hana tableti. Mkimfungia na majibu, mmemwachia nini?

Tunachodai

Wahudumu wa mashirika, hatuombi mradi mpya. Tunaomba mambo manne tu.

La kwanza, majibu yote ya vitabu vya mazoezi vilivyoko vituoni yachapwe na yabandikwe ukutani, pamoja na nakala za kuazima. Kama mnaogopa yatatumika vibaya, bandikeni upande wa nje, mtoto afanye ndani kisha atoke kuangalia. Hata kutembea hatua kumi kunamfanya amalize kwanza.

La pili, katika kila mada, angalau maswali matatu yawe na hatua zote, si jibu peke yake. Na pale panapohusu nukta, koma na mpangilio wa kugawanya, ziandikwe namna zote mbili, ya kule tulikotoka na ya hapa. Tupeni kazi hiyo sisi vijana. Tunajua zote mbili.

La tatu, msihesabu kwenye ripoti zenu watoto waliohudhuria tu. Hesabuni wangapi wanaweza kusahihisha daftari lao wenyewe. Ni rahisi: mpe mtoto maswali matano yaliyotatuliwa, mawili yana kosa. Mwambie ayatafute. Akiyapata, kazi yenu imefanya kazi.

La nne, muwaiteni wazazi. Siku moja kwa mwezi, mama na baba waliosoma kule waje waonyeshe wanavyohakiki hesabu, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa lugha yoyote. Mtoto akimwona mama yake anajua kitu ambacho mwalimu wa kambi hajui, heshima inarudi nyumbani.

Na sisi vijana wa kujitolea tujiseme pia. Kalamu nyekundu ni tamu. Inakufanya mkubwa, watoto wanakukimbilia, "Mwalimu, sahihisha yangu!" Lakini kila siku mtoto anapokungoja wewe ndipo ajue kama amepata, umemfunga kamba kwako. Kesho ukipata safari, ukapelekwa nchi ya tatu, ukapata kazi mjini Mbarara, kamba hiyo inabaki imeshikwa na nani?

Kambini tunangoja vitu vingi: tunangoja posho, tunangoja karatasi, tunangoja jina kwenye orodha. Kungoja kumekuwa kazi yetu. Angalau hesabu isiwe kitu cha kungoja. Mtoto anayejua kujipima hangoji mtu amwambie kwamba saba mara nane ni hamsini na sita.

Funguo mnazo. Fungueni kabati.